Gesti ya katikati ya mji Korogwe na Handeni: Kagua haya kabla ya kulipa

Msafiri anayeshuka kwenye basi Korogwe saa 7 usiku huwa na haraka ya kitu kimoja: kitanda. Haraka hiyo ndiyo huwafanya wengi walipe kwanza, halafu wagundue bomba halitoi maji, neti imetoboka na malori yanapita jirani na dirisha.

Hata hivyo, chumba cha bei ya kawaida katikati ya mji kinabaki chaguo zuri kwa wasafiri wengi. Muhimu ni kujua cha kukagua kabla hela haijatoka mfukoni.

Nani analala huku?

Korogwe ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Handeni yenyewe ipo pembeni ya barabara hiyo: ni kilomita 65 za lami kutoka Korogwe, au kilomita 54 kutoka Mkata. Anayetoka Arusha kwenda Handeni huunganisha gari Korogwe. Akichelewa, inabidi alale.

Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi. Maana yake ni kwamba abiria sasa anaweza kushushwa saa yoyote, hata ile ambayo mapokezi ya gesti nyingi yamefungwa. Anayejua atafika usiku ni vizuri apige simu mapema na kuuliza kama kuna mtu wa kumfungulia.

Wapo pia ndugu wa wagonjwa waliolazwa Magunga, hospitali ya Mji wa Korogwe. Hawa mara nyingi hawajui watakaa siku ngapi, hivyo tofauti ya elfu mbili au tatu kwa usiku si ndogo kwao. Anayekaa zaidi ya siku moja ana haki ya kuomba apunguziwe, na aombe kabla hajalipa siku ya kwanza.

Bei ndogo pembeni inaweza kuwa kubwa

Tuseme chumba cha jirani na stendi ni Sh20,000 na cha nje ya mji ni Sh15,000. Mgeni akitumia bodaboda Sh3,000 kwenda na Sh3,000 kurudi, cha pembeni kimeshakuwa ghali zaidi. Bado hajaenda kutafuta chakula wala kuwahi basi la alfajiri.

Kwa anayepita tu, kulala karibu na stendi kunalipa. Kwa anayeuguza, "katikati" ni karibu na hospitali, siyo stendi.

Maji kwanza, hasa Handeni

Handeni ina historia ndefu ya shida ya maji. Mradi wake wa HTM, wa tangu miaka ya 1970, unavuta maji Mto Pangani upande wa Korogwe. Sasa mji huo ni miongoni mwa iliyomo kwenye mradi mkubwa wa maji wa miji 28.

Kwa hiyo neno "self" kwenye bango halitoshi. Choo cha ndani bila maji ni kero kuliko choo cha nje chenye pipa lililojaa. Mgeni afungue bomba mwenyewe, avute maji ya chooni, kisha aulize kama gesti ina tangi la akiba.

Neti na feni

Korogwe ni ukanda wa joto na malaria. Ndiyo maana ilikuwa moja ya maeneo mawili ya Tanzania, pamoja na Bagamoyo, yaliyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009.

Neti ikaguliwe ikiwa imeshushwa, siyo ikiwa imefungwa fundo juu ya kitanda. Matundu huonekana hapo. Wavu wa dirishani nao uangaliwe. Feni iwashwe, maana chumba kisicho na feni humlazimisha mtu kufungua dirisha na kukaribisha mbu.

Kelele na kufuli

Chumba kinachotazama barabara kuu husikia malori usiku kucha. Cha nyuma, kwenye gesti hiyohiyo na mara nyingi kwa bei ileile, kinaweza kuwa kimya. Ni suala la kuuliza tu. Kama kuna baa jirani, mhudumu aulizwe muziki unazimwa saa ngapi.

Mlango ujaribiwe kwa ndani: komeo lishike, na ufunguo uzunguke bila kubembelezwa.

Kitabu na risiti

Mgeni ataombwa kujaza kitabu cha wageni: jina, anakotoka, anakokwenda na namba ya simu au kitambulisho. Kumbukumbu hizo husaidia ukitokea wizi au mtu akipotea, kwa hiyo jina la uongo linaweza kumgeuka aliyeliandika.

Baada ya kulipa, mgeni adai risiti. Mtumishi aliye safarini kikazi ataihitaji kurejesha masurufu, na kwa mwingine yeyote ni ushahidi kwamba amelipa.

La mwisho ni muda wa kutoka. Gesti nyingi huhesabu siku hadi saa 4 asubuhi. Mwenye gari la mchana aombe mapema kuacha begi mapokezi, ili asidaiwe hela ya siku ya pili.