Usisubiri shimo la choo lifurike ndipo uite gari

Dalili ya kwanza huwa ndogo. Mtoto anatoka chooni akisema maji yamegoma kushuka. Baba anamwaga ndoo nzima, yanashuka polepole, siku inapita. Wiki moja baadaye chemba ya nje inabubujika kila mama anapomwaga maji ya kufulia, na harufu inaingia hadi mezani. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikinyesha, uwanja wanaochezea watoto unageuka dimbwi la maji meusi.

Familia nyingi za Dar es Salaam zinayajua haya, kwa sababu nyumba nyingi za jiji hilo hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Kinachotoka chooni na bafuni huishia kwenye shimo lililo uani, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha kulala. Shimo hilo halijai ghafla. Linajaa kwa mwendo unaoweza kuhesabiwa, na mzazi anayeujua mwendo huo huepuka gharama, ugomvi na maradhi.

Kinachotokea chini ya mfuniko

Tangi lililojengwa vizuri halihifadhi kila kitu. Vizito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea na kufanya utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba kwenda shimo la pili, ambako ardhi huyanywa. Bakteria hula sehemu ya tope hilo, lakini hawalimalizi.

Wasanifu wa matangi hukadiria kuwa mtu mmoja huacha tope la takriban lita 40 kwa mwaka, ikiwa maji ya choo na ya matumizi mengine yanaingia tangi moja. Familia ya watu 6 huacha lita 240. Kwa tangi la lita 3,000, tope litafika theluthi moja, yaani lita 1,000, baada ya miaka 4 hivi. Hapo ndipo pa kuita gari. Nyumba yenye tangi kama hilo na wakazi 15 itafika hapo kabla ya miaka 2 kwisha.

Tope likipita kiwango hicho huanza kutoka pamoja na maji na kuziba ardhi ya shimo la pili. Likishaziba, kunyonya tangi hakusaidii kwa muda mrefu. Linajaa tena upesi, na mwisho wake ni kuchimba shimo jipya. Aliyekwepa gharama ya gari anajikuta akilipa fundi, saruji na matofali.

Visivyotakiwa kuingia

Pampasi, taulo za kike, vitambaa vya kumfutia mtoto, mifuko na mafuta ya kukaangia havina kazi shimoni. Haviozi haraka, huziba bomba la nyumba na huziba mpira wa gari siku ya kunyonya. Ndoo ndogo yenye mfuniko chooni inatosha kuzuia mengi ya hayo, mradi watoto waelezwe kazi yake. Dawa kali za kusafishia nazo zitumike kwa kiasi, kwa sababu zikimwagwa nyingi huua bakteria wanaopunguza tope.

Siku ya gari

Wakati mzuri wa kunyonya ni kabla ya mvua: Februari kabla ya masika, au Septemba kabla ya vuli. Mvua zikishakolea, maji ya ardhini hupenya kwenye mashimo mengi, na mwenye nyumba huishia kulipia tripu za maji ya mvua. Tangi la plastiki likiachwa tupu kwenye ardhi iliyojaa maji linaweza hata kuinuliwa na kung'oa mabomba yake.

Kabla ya kukubaliana bei, muulize dereva gari linabeba lita ngapi, mpira wake unafika umbali gani, na anakwenda kumwaga wapi. Jibu sahihi ni kwenye mabwawa ya maji taka yanayotambuliwa, kama yale ya Vingunguti. Anayemwaga mtoni au mtaroni anayarudisha maradhi mtaani kwako.

Simama uone kazi, ukiwa mbali kidogo na mdomo wa shimo. Gari likinyonya maji ya juu na kuacha tope chini, umelipia nusu ya kazi. Waombe wavuruge tope kwanza, wakirudisha maji kidogo kwa mpira, kisha wanyonye.

Pasipofikika kwa gari, baadhi ya watu huita wapakuaji wa mikono, wale wanaoitwa vyura, au husubiri mvua ili watapishe choo usiku. Maji hayo hupita kwenye milango ya majirani na kuingia visimani, na kipindupindu hakiulizi choo kilikuwa cha nani. Ulizia ofisi ya serikali ya mtaa kuhusu pampu ndogo zinazopita kwenye vichochoro.

Asiingie mtu

Tangi la maji taka hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, pua huacha kuinusa, na mtu anaweza kuzimia kabla hajapanda ngazi. Anayeshuka kumwokoa naye huanguka. Kwa hiyo asishuke fundi wala kijana wa kazi, hata kama tangi linaonekana tupu, na hata kama kilichoangukia humo ni simu. Usimulike kwa kiberiti wala mshumaa, maana gesi nyingine ya humo huwaka.

Kagua pia mfuniko. Bati, mbao au zege lenye nyufa halimzuii mtoto anayekimbiza mpira. Mfuniko uwe wa zege zima au chuma imara, mzito kiasi cha kumshinda mtoto kuuinua.

Nani alipe?

Katika nyumba za kupanga, shimo likijaa mwenye nyumba huwalaumu wapangaji kwa matumizi, nao humlaumu kwa udogo wa tangi. Wakati wanabishana, watoto wanaruka maji machafu kwenda shule. Ni vyema jambo hili liandikwe kwenye mkataba, au kila kaya ichangie kidogo kila mwezi na fedha zitunzwe na mtu mmoja anayeaminika.

Gari likiondoka, andika tarehe kwenye simu, idadi ya watu waliomo nyumbani na tripu zilizotoka, kisha weka ukumbusho wa kukagua tangi baada ya mwaka mmoja. Wakiongezeka watu nyumbani, sogeza tarehe hiyo karibu.