Ua la Usambara na Kivuli Chake

Leo twataka kuwaeleza habari za ua dogo lenye sifa kubwa. Lenyewe huota katika milima ya Usambara na katika sehemu nyingine chache za Tanzania na Kenya, wala halioti porini penginepo duniani. Majani yake ni mororo, yenye vinyweleo. Maua yake ni ya zambarau, na katikati mna manjano.

Katika mwaka wa 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alipeleka mbegu zake kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limepandwa vyunguni Ulaya na Marekani, nalo huuzwa kwa mamilioni.

Basi mtu atauliza: ua lililo tele namna hiyo litatowekaje? Jawabu ni kwamba maua ya vyunguni yametokana na aina chache tu. Ziko aina nyingine zikaazo katika mlima mmoja au bonde moja; bonde hilo likiharibika, aina hiyo imekwisha.

Na tutazame jinsi linavyoishi. Hushika mwambani penye udongo haba, mara nyingi karibu na vijito, chini ya miti mikubwa. Miti ikikatwa, jua hupiga mwamba, udongo hukauka, na ua hunyauka. Mwenye shoka hakuligusa, wala pengine hakuliona, lakini ameliangamiza. Kwa hiyo kuhifadhi mmea adimu si kukataza usichumwe tu, bali ni kuhifadhi kivuli chake, mwamba wake na maji yake.

Katika mwaka wa 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Msitu huo hulinda pia chemchemi za mto Zigi, ambao maji yake hunywewa mjini Tanga. Hivyo alindaye ua hilo hulinda na mtungi wake.

Lakini askari wa msitu hawezi kuwa kila mahali. Sisi tulimao kandokando ya misitu twaweza kuacha miti isimame penye vijito, kupanda miti yetu wenyewe ya kuni, na kukataa kung'oa mimea ya porini ili kuiuza. Nyumba ikibomoka hujengwa tena. Aina ya mmea ikiisha duniani, hapana fundi awezaye kuirudisha.