Kabla ya kununua simu ya kutumia Same na Taveta

Mfugaji, ng'ombe akianza kuharisha damu ukiwa upande wa Taveta, simu isiyoshika mtandao haitakusaidia kumpata mtaalamu. Unaponunua simu janja, kagua haya:

1. Iwe ya laini mbili: moja ya Tanzania, moja ya Kenya.
2. Isiwe imefungwa mtandao mmoja. Palepale dukani weka laini ya kampuni nyingine, piga na upokee.
3. Bonyeza *#06#. Namba ya tarakimu 15 ilingane na ya kwenye boksi. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kuhakiki, maana tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa Tanzania.
4. Betri ikae na chaji. Malishoni hakuna umeme.

Karibu na mpaka, simu inaweza kudaka mtandao wa jirani na kumaliza salio lako. Kwenye mipangilio, chagua mtandao wako mwenyewe, usiiachie simu ichague.

Mwisho, hifadhi namba ya mtaalamu wa mifugo wa kata yako ikianza na +255 badala ya 0. Hivyo utampata hata ukitumia laini ya Kenya. Piga mapema, mnyama angali amesimama.