Kicheko cha upande mmoja

JUZI mpwa wangu alinijia akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ametoka kwenye mahojiano ya kazi katika duka la samani. Alipoulizwa angeanza na nini siku ya kwanza, alijibu kwa Kiingereza kwamba angehesabu "furnitures" zote zilizomo ghalani. Jopo zima likaangua kicheko. Tangu hapo ulimi ulimganda, na kazi hakuipata.

"Mjomba, kosa langu lilikuwa lipi?" aliniuliza.

Nilimweleza kwamba "furniture", sawa na "advice", "information" na "equipment", ni nomino ya kawaida isiyohesabika. Haiongezwi "s" mwishoni, wala haitanguliwi na "a". Samani moja ni "a piece of furniture". Zikiwa mbili ni "two pieces of furniture".

Jambo hili lisimtishe Mswahili. Sisi nasi hatusemi michele miwili. Twasema punje mbili za mchele. Maji nayo twayahesabu kwa matone, vikombe au ndoo. Anayeitia "furniture" katika kapu moja na mchele hatakosea tena.

Waama, kosa hili lina asili yake. Neno "habari" halibadiliki umbo, lakini upatanisho hutuonyesha idadi: habari hii, habari hizi. Mtu mwenye habari nyingi akilini huuhamishia wingi huo Kiingereza, akasema "informations". Wafaransa huliandika neno hilo hilo kwa "s" katika lugha yao, na hakuna anayewacheka. Hiyo basi si dalili ya ujinga, bali ya mtu mwenye lugha zaidi ya moja kichwani.

Lililoniuma ni jingine. Mpwa wangu alinidokezea kuwa aliyecheka kuliko wote ndiye aliyemkaribisha kwa kusema, "Kaa kwa hii kiti." Hapo hakuna aliyecheka! Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, yatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mbona basi kosa la lugha moja liwe aibu, na la nyingine lipite kama upepo?

Tujifunze Kiingereza sahihi, naam. Wiki ijayo kijana huyu ana mahojiano mengine, na "pieces of furniture" ameshaikariri. Sijui yule bwana wa "hii kiti" atafunzwa na nani kusema kiti hiki.