Mkwe Mgeni Katika Nyumba za Wanawake: Ujenzi na Makazi Vijijini Isan, Thailand

Isan ni eneo la kaskazini mashariki ya Thailand lenye mikoa 20, lililotandaa juu ya uwanda wa Khorat hadi kingo za mto Mekong, na wenyeji wake walio wengi ni wakulima wa mpunga wenye asili na lugha ya Kilao. Tangu miaka ya 1960, Marekani ilipoweka ndege zake za kivita Udon Thani, Ubon Ratchathani na kwingineko wakati wa vita vya Vietnam, baadhi ya wanawake wa eneo hili wamekuwa wakiolewa na wanaume wa Magharibi, na katika miongo ya karibuni wanaume wengi wa namna hiyo, hasa wastaafu, wamejenga nyumba katika vijiji vya wake zao. Wenyeji humwita mtu huyo khoei farang, yaani mkwe wa Kizungu. Ingawa ujio wake huonekana kuwa jambo jipya, ukaazi wake hufuata njia ambayo desturi ilikwisha kumwekea kila mwanamume aoaye.

Kwa desturi, mwanamume wa Isan akisha kuoa huhamia kwao mke na kulima mashamba ya wakwe kwa muda, kisha wanandoa hujenga nyumba yao katika kiwanja hicho hicho au jirani yake, hasa dada mwingine anapoolewa na kumleta mumewe. Binti wa mwisho habanduki: hubaki nyumbani, huwatunza wazazi uzeeni na kurithi nyumba yenyewe. Kwa hiyo kitongoji aghalabu huwa ni nyumba za dada na binti zao, ilhali waume ndio watokao nje, na kila mmoja wao amewahi kuwa mgeni anayepimwa na wakwe.

Sheria ya nchi, ijapokuwa haikutungwa kwa ajili ya desturi hii, huishia pale pale. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1954 kwa kawaida haimruhusu mgeni kumiliki ardhi, hivyo kiwanja huandikishwa kwa jina la mke, na mume hutia saini tamko kwamba fedha zilizokinunua ni mali ya mke peke yake. Jengo laweza kuwa lake, kwa kuwa hutenganishwa na ardhi, na anaweza pia kuandikishiwa haki ya kutumia kiwanja kwa maisha yake yote au kwa muda usiozidi miaka 30.

Nyumba ya asili hujengwa kwa mbao juu ya nguzo ndefu, na uvungu wake, ambao mtu hupita humo wima, ndio mahali pa kufumia nguo, kufungia mifugo, kuweka zana na kupumzika wakati wa joto. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa magogo katika misitu ya asili mwaka 1989, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia, mbao zilizidi kuwa adimu, nguzo za zege zikashika nafasi yake, na uvungu ukaanza kuzibwa kwa matofali. Nyumba ya mgeni, ambayo mara nyingi hukaa juu ya ardhi na kuzungushiwa ukuta, huondoa uvungu kabisa na pamoja nao baraza la majirani. Ndiyo maana familia nyingi huongeza kibanda cha wazi chenye jukwaa la mbao, ili apitaye apate pa kuketi.

Ujenzi wenyewe hauanzi bila ya ibada. Mzee ajuaye siku za heri, au mtawa wa Kibudha, huchagua siku ya kusimamisha nguzo mbili za kwanza, sao haek na sao khwan, ambazo hufungwa miche ya migomba na miwa. Nyumba ikikamilika hualikwa watawa kwa hesabu ya witiri, mara nyingi 9, ambao huizungushia uzi mweupe, husoma maombi, hunyunyiza maji ya baraka na kulishwa kabla ya adhuhuri. Hufuata su khwan, ibada ya kuziita khwan, yaani roho za uhai ambazo huaminiwa kuwa 32 mwilini na kutawanyika mtu anapougua au anapohama. Jamaa humfunga mwenye nyumba nyuzi za pamba mikononi ili khwan zake zitulie naye.

Baada ya hapo mgeni hupimwa kwa mambo ya kila siku. Bahasha za michango humfikia kwa ajili ya misiba, harusi na sherehe za hekalu, na kila familia hukumbuka ni nani alitoa kiasi gani, kwa kuwa atakayefiwa kesho hurudishiwa kwa kipimo hicho hicho. Anayejifungia nyuma ya ukuta akatoa fedha bila ya kuhudhuria huhesabiwa kuwa mfadhili, na mfadhili si mkwe.

Kwa hiyo malalamiko ya wageni wengi, kwamba wamejenga kwa fedha zao katika ardhi isiyo yao, yanalenga hali ambayo sheria ya mwaka 1954 haikuizusha yenyewe. Mkwe mwenyeji naye, ndoa ikivunjika, aghalabu huiacha nyumba kwa mke na watoto na kurudi kwa dada zake, ambao ndio wenye nyumba huko kwao. Tofauti ni kwamba mgeni hana dada wa kumrudia kijijini, na hapo ndipo haki ya matumizi iliyoandikishwa humfaa zaidi.