Mche wa Maabara Una Majani ya Kijani, Lakini Bado Unalishwa Sukari

Na Mwandishi Wetu

Mche uliokuzwa katika chupa ya maabara huwa na majani ya kijani yanayovutia macho, na anayeuona kwa mara ya kwanza hana sababu ya kudhani kuwa una tofauti na mche uliooteshwa kitaluni. Tofauti ipo, nayo ni kubwa: ukiwa ndani ya chupa, mche huo haujitegemei kwa chakula. Ukitolewa humo na kupandwa moja kwa moja juani, waweza kunyauka siku hiyo hiyo, na gharama yote iliyotumika kuuandaa ikapotea.

Suala hili linawagusa wakazi wa Wilaya za Mbinga na Nyasa kwa namna mbili. Katika milima ya Mbinga, kahawa ya Arabika ni zao kuu la biashara, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao makuu Lyamungo mkoani Kilimanjaro, ina kituo chake Ugano, wilayani humo. Aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani haziendelezwi kwa kupanda buni za shambani, kwa kuwa miche itakayoota haitafanana na mzazi. Huzalishwa kwa vikonyo kutoka bustani mama. Kikonyo kimoja hutoa mche mmoja, ilhali kipande kidogo cha jani kikikuzwa maabara chaweza kutoa mamia ya viinitete, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kuwa mche.

Chini ya milima hiyo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, muhogo ndio chakula, pamoja na samaki. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kitaalamu na H. H. Storey mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani mkoani Tanga, kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani ya bahari na wa fukwe za ziwa hili. Virusi vyake husafiri ndani ya pingili ambazo jirani humgawia jirani kwa nia njema. Ncha ya chipukizi, isiyozidi milimita moja, mara nyingi huwa haina virusi, hasa mmea mama ukiwa umewekwa kwanza kwenye joto kwa wiki kadhaa. Ncha hiyo ikikuzwa katika chupa hutoa mche safi, na maabara za aina hiyo zipo nchini, ikiwemo ya TARI Mikocheni jijini Dar es Salaam.

Kwa kawaida jani hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Ndani ya seli zake mna vijisehemu vidogo viitwavyo kloroplasti, vyenye klorofili, ambayo ndiyo rangi ya kijani. Klorofili hunasa nguvu ya mwanga, na kwa nguvu hiyo maji yaliyopandishwa na mizizi huunganishwa na hewa ya ukaa inayoingia kupitia matundu madogo ya jani. Hupatikana sukari, na oksijeni hutoka nje.

Ungetarajia basi kwamba seli ya kijani itaishi popote penye mwanga. Ndivyo alivyofikiri Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, ambaye mwaka 1902 alieleza jaribio lake la kukuza seli moja moja zilizotolewa kwenye majani. Alichagua seli za kijani akiamini zitajilisha zenyewe. Ziliishi kwa wiki kadhaa, zikanenepa, lakini hakuna hata moja iliyogawanyika. Ukijani peke yake haukutosha.

Maabara za leo huziongezea seli kile zinachokosa. Kipande cha jani la kahawa huwekwa juu ya rojo yenye madini, vichocheo vya ukuaji na sukari, ambayo kwa kawaida ni gramu 30 kwa kila lita. Kwanza hutokea donge la seli lenye rangi hafifu, lisilofanya usanisinuru wa maana, linaloishi kwa sukari hiyo. Kisha hujitokeza viinitete, navyo vikipewa mwanga hugeuka kijani.

Hata hapo jani huwa halijapata nafasi ya kufanya kazi yake. Taa za chumba cha kukuzia hazifikii hata sehemu ya kumi ya nguvu ya jua la mchana. Zaidi ya hayo, chupa imefungwa ili vimelea visiingie. Toyoki Kozai wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, na wenzake walipima hewa iliyomo ndani ya vyombo hivyo katika miaka ya 1980, wakakuta kwamba muda mfupi baada ya taa kuwashwa, hewa ya ukaa hupungua mno kuliko ilivyo nje. Jani lilikuwa tayari kufanya kazi, ila lilikosa malighafi. Kutokana na hilo, Kozai alipendekeza chupa zenye kupitisha hewa, mwanga zaidi na rojo isiyo na sukari. Njia hiyo inafanya kazi, ingawa maabara nyingi duniani bado hutumia sukari.

Unyevu wa chupa huacha athari nyingine. Jani lililokulia humo lina utando mwembamba wa nta, na matundu yake hayajazoea kujifunga, hivyo likikutana na upepo mkavu hupoteza maji kabla mizizi haijaweza kuyarudisha. Ndiyo maana mche hupitishwa katika kipindi cha kuzoeshwa. Rojo yote huoshwa kwenye mizizi ili sukari isikaribishe ukungu, kisha mche hupandwa katika udongo safi, chini ya nailoni na kivuli kizito. Nailoni hufunuliwa kidogo kidogo na kivuli hupunguzwa kwa wiki kadhaa. Kitalu kilichopo Mbamba Bay, karibu na usawa wa ziwa ulio takriban mita 475 juu ya bahari, hakiwezi kufuata ratiba ya kile kilichopo kwenye baridi ya Umatengo. Joto la ufukweni hudai kivuli zaidi na maji ya mara kwa mara.

Kwa hiyo mkulima au kikundi kinachopokea miche ya maabara kinapaswa kuuliza kwanza imezoeshwa kwa muda gani, na tangu lini imekuwa nje ya nailoni. Majani yaliyotoka chupani yakianza kukauka, mche usitupwe kwa haraka. Kinachotazamwa ni kilele: majani mapya yanayochipua hapo hukua katika hewa na mwanga wa kitaluni, na hayo ndiyo yatakayoulisha mche.