Homa ya Usiku Baada ya Kupandikizwa Figo



Jirani yetu mmoja alirudi kutoka India akiwa amepandikizwa figo aliyopewa na dada yake. Nyumba ikajaa wageni. Sisi nasi tulikwenda, tukaomba dua, tukanywa kahawa, tukaondoka tukidhani mtihani umekwisha. Mkewe ndiye aliyejua kwamba mwingine ndio kwanza unaanza.

Mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa ni ngeni na hutaka kuipiga vita. Mwaka 1954, huko Boston, Joseph Murray alipofaulu kupandikiza figo, mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana, basi vita hivyo havikuwepo. Asiye na pacha kama huyo hana budi kumeza kila siku dawa za kuishusha kinga ya mwili, wala haziachi bila ya amri ya daktari. Ni kama kupunguza walinzi wa lango: figo husalimika, lakini maradhi nayo hupata njia.

Na maradhi hayo huingia kwa kunyata. Baadhi ya dawa hizo, kama prednisoloni, huweza kuficha homa na maumivu, hata ugonjwa mkubwa ukaonekana mdogo. Katika mwezi wa kwanza hutazamwa zaidi mshono ulio mwekundu au unaotoa maji, na mkojo unaochoma au ulio na ukungu. Baadaye huja virusi na maradhi ya mapafu: kuharisha, kikohozi kikavu, pumzi kukatika kwa kupanda ngazi chache. Kifua kikuu nacho hakisahauliki katika nchi yetu. Kuna virusi ambavyo kipimo cha damu huvigundua kabla mgonjwa hajahisi lolote. Ndiyo maana siku ya kliniki haiahirishwi, hata kwa arusi.

Mama yule alikuwa akimpima mumewe joto asubuhi na jioni, na kuandika katika kalenda ya jikoni. Usiku mmoja kipimajoto kilionyesha nyuzi 38. Mume akasema, "Ni uchovu tu, wacha nisubiri asubuhi." Mama hakusubiri, akapiga simu hospitali saa ile ile. Yakapatikana maambukizi ya mkojo, yakatibiwa kabla hayajaingia katika damu.

Hapa twataka kusema na waume wenzetu. Nabii Ayyub, ambaye subira yake ni mfano kwetu sote, alimweleza Mola wake dhara iliyompata, na hilo halikumtoa katika wenye kusubiri. Kumficha daktari homa si subira.

Wala mgonjwa asikimbilie panadoli kabla ya kupimwa, kwani hushusha joto na kuifuta ile habari tuliyokuwa tukiitafuta. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuidhuru figo. Erithromaisini ya duka la dawa huweza kuzidisha dawa za kinga katika damu hadi zikamdhuru. Hata habbat-sauda na miti shamba, daktari aulizwe kwanza.

Ama wageni, kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Lakini mwenye mafua au kikohozi amwombee akiwa nyumbani kwake, na aliye mzima aoshe mikono mlangoni, akae kidogo, aondoke. Mama wa nyumba akimzuia mtu kizingitini, asionekane amekosa adabu.